Sura ya Nne: Anampenda Mama Yake, Je, Inatosha?

Wasichana huuliza, mama zao huuliza, na siku hizi hata wavulana wameanza kuuliza: ukitaka kujua mtu atakuwa mwenza wa namna gani, si umtazame tu anavyoishi na mama yake? Ushauri huu hutolewa saluni, kwenye kicheni pati, na hata na kungwi anapomfunda mwari. Anayemheshimu mama yake, wanasema, atakuheshimu na wewe.

Mimi nauona ni ushauri nusu. Ni kweli kwamba anavyoishi mtu na ndugu zake huonyesha mengi. Lakini wengi wameponzeka kwa kumtazama mama peke yake, tena siku ya wageni, wakaacha kuitazama nyumba nzima. Wengine waliiona nyumba nzima ya mchumba wakasahau kutazama kilichokuwa kikitokea kwao wenyewe.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Ukatili wa mwenza si ugomvi. Wapenzi hugombana, hupaza sauti, hununiana siku mbili kisha wakapatana. Ukatili wa mwenza ni mazoea ya mmoja kumtawala mwingine kwa hofu: kwa kipigo, kwa matusi, kwa kumnyima fedha, kwa kumlazimisha tendo la ndoa, kwa kumpangia nani aongee naye na nani asiongee naye. Katika ugomvi wa kawaida kila mmoja husema lililo moyoni. Penye ukatili, mmoja hupima kila neno kabla ya kulitoa.

Wala si jambo la nyumba chache. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 uliwahoji wanawake wa Dar es Salaam na Mbeya waliowahi kuwa na mwenza. Waliosema wamewahi kupigwa au kulazimishwa ngono na mwenza walikuwa asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya. Wanaume nao hutendewa ukatili, na mengi ya sura hii yanawafaa wao pia. Ila wanaoumizwa zaidi na kuuawa zaidi na wenza wao ni wanawake, kwa hiyo mifano yangu mingi ni yao.

## Mama akisema hapana

Anayemnunulia mama yake kanga kila Idi, akampigia simu kila asubuhi na kumwezekea nyumba kwa bati, ni mtoto mwema. Hilo tusimnyime. Lakini kumbuka kwamba anayatenda hayo kwa mtu ambaye jamii nzima imemwagiza amheshimu tangu akiwa mtoto. Mama ana radhi, na kuikosa radhi ya mama kunaogopwa na hata majambazi. Mke au mchumba hana laana ya kumtisha nayo mtu. Kwa hiyo upole wake mbele ya mama haujatwambia bado atamfanyia nini asiyemwogopa.

Kinachosema zaidi ni siku mama anapomkatalia. Tuseme mmekwenda Moshi mwezi Desemba, kama wafanyavyo Wachaga wengi. Mchumba wako anataka muondoke leo kurudi mjini, mama anasema subirini mpaka kesho baada ya ibada. Anaweza kubisha, akacheka, akakubali, au akakataa kwa adabu na kueleza sababu. Hayo ni ya kawaida. Lakini nyumba nzima ikinyamaza ghafla, dada zake wakatazamana, na mama mwenyewe akageuza kauli mbiombio, "Basi baba, nendeni tu, mimi nilisahau," hapo umeona kitu. Mama anayemwogopa mwanawe hatakwambia. Utamjua kwa namna anavyoomba ruhusa ndani ya nyumba yake mwenyewe, anavyopunguza sauti ya redio gari linapoingia uani, anavyomsifia mwanawe kabla hujamuuliza lolote.

Kuna na wale wanaompenda mama yao kweli kabisa, ila wamemfanya fimbo ya kukuchapia. "Mama yangu hajawahi kumjibu baba hata siku moja." "Mama alivumilia mengi, ndiyo maana nyumba yetu ilisimama." Sikiliza vizuri sifa hizo ni za nini. Mtu anayemsifu mama yake kwa kuvumilia kipigo amekwisha kukwambia kazi anayokutafutia.

Upande wa pili, wapo wanaodhani mchumba aliyemwambia mama yake, "Mama, hili tutaliamua sisi wawili," hana adabu. Kwangu huyo ana maksi. Anaweza kumpenda mtu na kutokubaliana naye bila kumvunja, na ndoa inataka uwezo huo kila wiki.

## Mdogo wa mwisho na dada wa kazi

Ukipata nafasi ya kuwatazama watu wawili tu katika nyumba yao, mwache mama. Mtazame mdogo wake wa mwisho na dada wa kazi. Hao wawili hawana pa kumshtaki.

Dada wa kazi mara nyingi ni binti mdogo aliyetoka mbali, Iringa au Singida au Dodoma, analala humohumo na mshahara wake haufiki mbali. Akivunja kikombe, kinatokea nini? Anaitwa kwa jina lake, au kwa mluzi na "wewe"? Anakula saa ngapi, na anakula nini? Mchumba anaweza kukufungulia mlango wa gari kwa tabasamu, na dakika hiyohiyo akamtukana mtoto wa watu kwa sababu chai imepoa. Wengi hujifariji: ah, hayo ni ya wafanyakazi, mimi ananiheshimu. Tofauti yako na huyo binti kwa sasa ni kwamba wewe bado una kwenu pa kurudi jioni.

Suala la kaka mkubwa anayesomesha wadogo zake linahitaji macho zaidi, maana katika familia zetu huyo ni shujaa, na wengi wao ni mashujaa kweli. Swali ni msaada wake umefungwa kamba gani. Mdogo akichagua ualimu badala ya uhasibu aliopangiwa, ada inakatwa? Kila sherehe lazima watu wakumbushwe nani alilipia matofali? Anaipekua simu ya dada yake kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeinunua? Hapa tunafika kwenye kinachoitwa ukatili wa kiuchumi, yaani kutumia fedha kumfanya mtu ashindwe kujiamulia au kuondoka. Kenya wameutaja katika sheria yao ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, kando ya kipigo na vitisho. Anayewafungia ndugu zake mfuko kila wanapomkosoa atakufungia na wewe, hasa ukiacha kazi kwa ombi lake.

Watoto nao ni mashahidi wazuri, kwa kuwa hawajajifunza kuficha. Mpwa wa miaka minne akimwaga juisi kwenye kochi kisha akajikunja na kufunika kichwa kwa mikono kabla hajaguswa, ameshakupa historia ya nyumba ile.

Na kama mwenzako ana mtoto aliyezaa kabla yako, usiulize tu kama anampenda. Uliza:

- Anamtumia matumizi bila kukumbushwa, au matumizi hutegemea kama mama wa mtoto amekuwa mnyenyekevu mwezi huo?
- Anamtaja vipi mama wa mtoto wake? Kama wote waliokutangulia walikuwa vichaa na malaya, jina lako limekwisha kupangiwa foleni.
- Mtoto akija kutembea, anafurahi au anatembea kwa kunyata?

## Aliyekulia penye kipigo

"Baba yake alikuwa akimpiga mama yake. Nimwache?" Barua za namna hii huwa fupi, na anayeuliza huwa ameshachoka kuwaza. Wazee hujibu haraka kwamba maji hufuata mkondo. Lipo la kweli: tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba mvulana aliyemwona mama yake akipigwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kumpiga mwenza wake, na msichana aliyeona hayo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupigwa. Lakini hatari si hukumu. Wapo wengi waliokulia humo wakaapa kwamba nyumba yao haitakuwa hivyo, na wakatimiza. Ukimkataa mtu kwa dhambi ya baba yake unaweza kumwacha mtu mwema, ukaenda kuolewa na katili aliyelelewa vizuri kabisa. Nao wapo.

Kwa hiyo sikiliza anavyosimulia. Mmoja husema, "Baba alikosea. Nilikuwa najificha chini ya kitanda na wadogo zangu, na mpaka leo sipendi kelele za usiku." Mwingine anayasimulia yaleyale huku akicheka: "Mzee alikuwa mkali, lakini mama naye alikuwa na mdomo." Huyu wa pili amempa mama sehemu ya lawama, na hiyo ndiyo hoja atakayoitumia kwako. Kinachorithiwa zaidi ni imani kwamba yupo anayestahili kupigwa na yupo mwenye haki ya kupiga.

Imani hiyo haiko kwake peke yake. Katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mke, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kubishana naye. Wanawake waliwazidi wanaume. Ndiyo maana huwezi kutegemea kwamba shangazi yake atakuonya, wala shangazi yako. Wakati huohuo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, mila yoyote iseme iwavyo. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado watu wazima husema "kutia adabu."

Na aliyekosana na ndugu zake kabisa? Hapa watu huhukumu upesi kuliko mahali pengine: mtu asiyeongea na baba yake, wanasema, hana utu. Sikubaliani. Wengine walikimbia ukatili, na kukaa mbali ndiko kulikowaponya. Tofauti huonekana kwenye maelezo. Aliyetoroka madhara huwa na jambo mahususi la kueleza, hata kama analieleza kwa shida, na aghalabu amebaki na mtu mmoja au wawili wa ukoo anaopatana nao. Wa kuogopa ni yule aliyegombana na kila mtu kwa zamu, baba, kaka, shangazi, rafiki wa shule, bosi, na katika visa vyote hivyo yeye hakukosea hata kimoja.

Kwa ufupi mpaka hapa: upole kwa mama hauthibitishi kitu, kulelewa penye kipigo hakumhukumu mtu, na kutengana na ndugu si ushahidi. Tazama anavyowatendea wasioweza kumjibu, na sikiliza anamlaumu nani.

## Zaidi ya yote, tazama anavyowatendea ndugu zako

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Dalili iliyo nzito kuliko zote haiko kwao. Iko kwenu.

Katili anahitaji mtu asiye na watu. Uingereza na Wales, mwaka 2015 kama Kenya, waliufanya utawala wa aina hii kuwa kosa la jinai hata pasipo kipigo: kumtenga mtu na ndugu zake, kumfuatilia na kumpangia maisha mpaka ajione hana pa kwenda. Hauanzi kwa sauti kubwa. Huanza kama mapenzi. "Jumapili zote uko kwa dada yako, mimi nitakuona lini?" Baadaye dada yako anakuwa mshauri mbaya, rafiki yako anakuwa mhuni, mama yako anaingilia. Kila unapotoka kwenu unakuta mtu amenuna, na kununa huko kunakugharimu siku tatu. Hujakatazwa kwenda. Umeacha mwenyewe, kwa sababu kwenda kumekuwa ghali. Kisha inakuja nambari mpya ya simu, au nyumba mpya mahali ambapo daladala hazifiki.

Kwetu jambo hili lina pa kujifichia, nayo ni mila. Katika makabila mengi mke huhamia kwa mume, na wazee humwambia waziwazi kwamba sasa kwao ni kule. Kwa hiyo binti akiacha kuonekana nyumbani, watu husema ametulia. Anayemtenga ana kisingizio ambacho ukoo mzima umekibariki. Njia ya kutofautisha ni hii: mila humhamisha mke kutoka nyumba moja hadi nyingine, lakini haimzuii kwenda kuzika, kuuguza, kumpigia mama simu au kuhudhuria arusi ya mdogo wake. Ukijikuta unaeleza kwa nini hukwenda kwenye arobaini ya mjomba, na maelezo yenyewe si ya kweli, hesabu hiyo.

Kuna namna nyingine ya ujanja zaidi, nayo huwa haisemwi. Badala ya kukutenga na ndugu zako, anawanunua. Baba yako anachimbiwa kisima, kaka yako anapewa pikipiki ya bodaboda, kila mwezi mama anatumiwa kitu kwenye simu. Mkwe mwema kama huyu yuko wapi! Siku utakayokwenda kusema umekabwa koo, utaulizwa umemfanya nini mtu wa watu. Sikusudii umwogope kila mkarimu. Mpime hivi: ukarimu wake unaendelea hata mnapokuwa hamjaelewana, na yeye hautaji? Au hutajwa palepale unapomkatalia jambo?

Bonde la Ufa nchini Kenya limelipa gharama kubwa kwa mambo haya. Agnes Tirop, mwanariadha wa umri wa miaka 25, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja, nchini Ujerumani, rekodi ya dunia ya mbio za barabarani za kilomita 10 zinazokimbiwa na wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo na akakana. Baada ya msiba, ndugu zake na wanariadha wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels, nao wameeleza hadharani jinsi wasichana wenye vipaji wanavyofuatwa na wanaume wanaojiita makocha, wakawashikia fedha na mali na kuwaweka mbali na wazazi.

## Wakwe wanapokuwa mkono wa pili

Mama mkwe mkali si ukatili. Wifi mwenye maneno si ukatili, ingawa anachosha. Sheria ile ya Kenya ya 2015, hata hivyo, imethubutu kutaja uingiliaji wa wakwe miongoni mwa mambo inayoyahesabu kuwa ukatili wa nyumbani, na walioitunga walijua walikuwa wakizungumza na nani. Zipo nyumba ambamo mume hanyanyui mkono: mama hupeleleza, dada hutukana, kaka huja kutisha, naye anakaa sebuleni akitazama mpira. Zipo pia nyumba ambamo mwanamume ndiye anayetishwa na kaka za mkewe.

Cha kutazama wakati wa uchumba ni mwenzako anasimama wapi. Wifi akikutania vibaya mbele yake, anasema neno? Akikwambia "wazoee tu, ndivyo walivyo" kila mara, amekupa jibu.

## Namna ya kuuliza

Zamani kazi hii ilikuwa na wenyewe. Posa ikishaletwa, upande wa binti waliomba muda, wakatuma watu kuuliza: ukoo huu una ugonjwa gani, una uvivu, una ulevi? Utaratibu huo ulikuwa na akili. Kasoro yake ni kwamba swali la kipigo liliishia kwenye "ana hasira kidogo," na binti mwenyewe hakuulizwa ameona nini. Uuweke hai, lakini ubadilishe maswali. Usiulize "ni mtu mzuri?" Hakuna jirani atakayesema si mzuri. Uliza: "Akikasirika hufanya nini?" Uliza wake wa kaka zake, maana wao waliingia humo kama utakavyoingia wewe, na hawana sababu kubwa ya kulinda jina la ukoo. Ukiweza, msikilize mke wa zamani hata kama umeambiwa ana wivu.

Nawe mwenyewe mkatalie jambo dogo mapema. Mwambie Jumamosi hii nitashinda kwa mama. Mwambie sitakupa neno la siri la simu yangu. Kisha tazama kinachofuata, siku hiyo na wiki inayofuata.

## Ukishaona

Uchumba si ndoa. Wengi huendelea kwa sababu mahari imeshapokelewa na kadi zimeshachapwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania imeweka njia ya kudai zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa, kwa hiyo mahari ni deni linaloweza kumalizwa na wazee au na mahakama. Sheria ya Kenya niliyoitaja inawakinga hata wachumba, si wanandoa peke yao.

Kama umeshakabwa koo hata mara moja, kama ameshakutishia kwa silaha, au amesema atakuua ukimwacha, usimpe taarifa kwamba unaondoka. Watafiti wa mauaji ya wenza wamegundua tena na tena kwamba siku za kuachana ndizo za hatari zaidi. Ondoka kwanza, uongee baadaye ukiwa na watu wako. Tanzania, nenda kituo cha polisi ukaulize Dawati la Jinsia na Watoto, na kama una majeraha uchukue fomu ya PF3 ili daktari ayaandike. Kenya, piga 1195 bila malipo.

Na wewe mzazi uliyekula mahari, binti akirudi usiku na begi, mfungulie. Maswali yanaweza kusubiri mpaka asubuhi.